Fedha za Duka la Intaneti Zaingia Mkononi mwa Nani?

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama



Mwezi uliopita walikuja ofisini wenzetu kumi na wawili, wale walioachishwa kazi kiwandani ambao sasa washona ovaroli na aproni kwa ushirika. Tovuti yao ilikuwa yapokea oda na nguo zilikuwa zaenda kwa wateja, lakini siku ya kulipana hapakuwa na kitu cha kulipana. Tuliketi nao, tukaifungua tovuti, na jambo likaonekana upesi. Nambari ya kulipia iliyoandikwa pale ilikuwa ya simu ya fundi aliyewatengenezea tovuti. Yeye alisema alikuwa akiwawekea tu. Fedha nyingine zimerudi, nyingine twazidai hata leo. Jina lake hatulitaji.

Twajua wengi wenu mna biashara ndogo kando ya mshahara, maana mshahara peke yake hautoshi. Kwa hiyo tuliona yafaa tuliseme jambo hili wazi.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tumezoea kutumiana fedha simu kwa simu, mtu na mtu. Lakini ushirika si mtu mmoja. Kwa Lipa na M-Pesa, iliyokuja mwaka 2013, duka laweza kuwa na nambari yake lenyewe, ya tili au ya Paybill. Kwenye tili mteja aandika nambari na kiasi, basi. Kwenye Paybill huongeza nambari ya akaunti, na hapo ndipo nambari ya oda huingia, mweka hazina akajua shilingi hizi ni za ovaroli ipi. Kwa duka lenye oda nyingi twaona Paybill yafaa zaidi. Iandikishwe kwa jina la ushirika, na fedha zake ziende kwenye akaunti ya benki isiyofunguka bila sahihi za watu wawili. Mtu akiwaambia, “Tumieni yangu kwa sasa,” kataeni, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa tovuti. Wengine humwambia mteja alipe kisha atume picha ya ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe wa uongo waandikwa kwa dakika moja, ndugu zangu, na nguo ikishatoka hairudi. Tangu 2017 Safaricom ina njia ya kuunganisha tovuti na M-Pesa, iitwayo Daraja, na jina hilo laifaa. Mteja aandika nambari yake ya simu kwenye tovuti. Seva yenu yapeleka ombi, na simu ya mteja yaonyesha jina la duka na kiasi. Yeye aingiza PIN yake hapo hapo simuni. Tovuti haiioni PIN hiyo wala haina haki ya kuiuliza.

Hapa ndipo wenzetu walipoumia mara ya pili, kwa kuwa fundi alikuwa amekwisha kuanza kuwajaribia njia hii. Majibu huja mawili. La kwanza huja mara moja na lina sifuri, nalo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Fundi aliliandika kuwa “Imelipwa”, na aproni nane zikatoka bure. Jibu la pili hufuata baadaye, kwenye anwani ya seva mliyoitaja katika ombi, na hilo ndilo lenye habari ya fedha. Sifuri ya jibu hili la pili maana yake amelipa. 1032 maana yake mteja amekataa mwenyewe. Jibu la pili lisipofika, ulizeni hali ya malipo kupitia Daraja au tazameni taarifa ya akaunti, msimtoze mteja mara mbili. Tena bei ihesabiwe kwenye seva, kwa maana iliyo kwenye ukurasa mnunuzi mjanja aweza kuibadili. Kiasi kilicholipwa kilinganishwe na cha oda kabla ya kufunga mzigo.

Funguo za Daraja ni mali ya ushirika. Zikae kwenye seva, zisiandikwe ndani ya ukurasa, na fundi akiondoka zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwenye wateja wa ng’ambo atataka kupokea kadi. Hapo tafuteni kampuni ya malipo yenye leseni, nambari ya kadi iandikwe kwenye ukurasa wao, nanyi msiihifadhi kamwe. Ulizeni makato yao kabla ya kupanga bei. Wenzetu mmoja wa useremala hakuuliza, akajikuta auza stuli kwa hasara.

Kabla ya kufungua duka, lipeni shilingi moja wenyewe. Ifuateni mpaka muione kwenye akaunti ya benki.

Washonaji wetu wameomba Paybill kwa jina la ushirika, na nambari ya fundi imeondolewa kwenye tovuti. Kwa sasa wapokea fedha taslimu na kutoa risiti za karatasi. Jumamosi saa tatu asubuhi mweka hazina atakuwa ofisini. Mwenye tovuti na aje na simu yake, tuitazame pamoja nambari iliyoandikwa pale ni ya nani.