TUJIFUNZE KUSALI KUTOKA KWA MJANE

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu



Ninyi mnaoongoza sala katika jumuiya mmekwisha kuulizwa na waamini: "Mbona tunasali sana, lakini mambo yanabaki yale yale?" Tusiwakemee kwamba wana imani haba. Hata wanafunzi wa Yesu, waliozoea sala tangu utoto wao, waliona haja ya kufundishwa, na mmoja wao akamwomba Bwana awafundishe (Lk 11:1). Kusali ni jambo la kujifunza maisha yote.

1. Mwalimu wetu wa sala

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Yesu alitoa mfano ili tujue kusali daima bila kukata tamaa (Lk 18:1-8). Tumtazame aliyewekwa mbele yetu katika mfano huo. Si kuhani wa hekalu, wala si mwalimu wa Sheria. Ni mjane. Naye haombi mali wala cheo, bali anadai haki yake kwa hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu.

Tunaposikia mfano huu, kwa kawaida kila mmoja wetu hujiweka mahali pa mjane. Lakini tuangalie katika vijiji vyetu. Mume amefariki, matanga yamekwisha, na shemeji wanamwambia mama yule afungashe virago kwa sababu shamba ni la ukoo. Mama huyo anamlilia Mungu usiku na mchana. Majirani wanaujua mpaka wa shamba. Wengine walikuwapo marehemu alipopanda migomba yake. Siku ya jumuiya wanasema, "Mungu atamsaidia," kisha wanaimba na kuagana. Je, hapo ni nani aliyeshika nafasi ya yule hakimu?

2. Kusali ni kusikiliza

Yesu alituonya tusidhani kwamba tutasikilizwa kwa wingi wa maneno (Mt 6:7). Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Sisi ndio tusiojua anachotaka kwetu, na hatutakijua ikiwa tunasema wakati wote.

Jumuiya nyingi hutumia njia ya Hatua Saba ya kushirikishana Injili, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Katika hatua ya nne tunakaa kimya ili Mungu aseme nasi. Katika hatua ya sita tunajadili kazi ambayo jumuiya inaitiwa kuifanya. Ndipo katika hatua ya saba tunasali pamoja kwa maneno yetu wenyewe. Yafaa kuuangalia utaratibu huu: kazi inajadiliwa kwanza, na sala ya mwisho inaibeba kazi hiyo. Lakini mara nyingi ukimya unafupishwa na hatua ya sita inarukwa, eti muda umekwisha.

3. Kuomba na kutenda

Nia zetu ziwe wazi. Kusema "tuwaombee wajane wote" ni vema, lakini hakumgusi mtu. Tumwombee mwenzetu tunayemfahamu, baada ya kumwuliza kama anaridhika. Sala isigeuke kuwa nafasi ya kumsuta mtu hadharani.

Kisha tuinuke. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Sheria hiyo imeweka pia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao 3 ni wanawake, ili kusuluhisha migogoro. Mama aliyefiwa anaogopa kwenda huko peke yake. Wawili au watatu wa jumuiya wamsindikize, na anayeujua mpaka akaseme kweli. Mtu asidhani kwamba huko ni kuiacha sala na kushika siasa. Nabii Isaya alifundisha kwamba Mungu hapokei sala za mikono iliyojaa damu, akaagiza watu wamtetee mjane (Isa 1:15-17).

4. Kuwaombea wote wawili

Shemeji naye huenda ni mwanajumuiya, tena anashika rozari. Tusimwombee mabaya. Bwana anamwagiza mwenye kutoa sadaka apatane kwanza na ndugu yake (Mt 5:23-24). Viongozi wamwendee kwa upole, faraghani, kabla ugomvi haujawa mkubwa. Lakini upatanisho haumaanishi mjane anyamaze ili sisi tuwe na amani.

Na haki ikichelewa? Mara nyingine itachelewa kweli. Mjane wa Injili alirudi tena na tena. Nguvu ya kurudi aliyonayo mtu aliyekataliwa jana ni tunda la sala, na jumuiya isiyomwacha peke yake inasali pamoja naye hata inapokuwa njiani.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayelilia haki yake sasa?
2. Je, hatua ya sita tunaifanya, au tunairuka? Kwa nini?
3. Juma hili tutamsindikiza nani, na nani atakwenda?