Mwenye Kuhutubia na Aulize Kwanza



Tumeombwa tuseme jinsi impasavyo mwanafunzi kutayarisha hotuba ya kuwaarifu watu jambo wasilolijua. Twaona ni heri tuanze kwa kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu alituagiza tuwahutubie wazazi habari za reli ya Tanga. Tukafungua kitabu kimoja, tukanakili: kazi ilianza Tanga mwaka 1893, reli ikafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa na fedha, na Serikali ya Kidachi ikaitwaa reli mwaka 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Hayo yote yalikuwa sahihi. Kisha, kwa kupenda sifa, tukaongeza neno ambalo kitabu hakikulisema, ya kwamba Handeni haijapata kuona reli tangu kuumbwa dunia. Watu wakacheka, nasi tukafurahi.

Mzee mmoja wa Kizigua akasimama nyuma, akasema kwa upole, "Wanangu, baba yangu alivisukuma vigari vya reli hiyo mnayosema haikuwako. Mikono yake ilikuwa na sugu mpaka alipozikwa." Akaketi. Hakuna aliyecheka tena.

Likizo ilipofika tulikwenda Handeni, tukawauliza wazee watatu, kila mmoja peke yake, asije mmoja akafuata maneno ya mwenzake. Wote walipatana kwamba katika vita vya 1914–1918 Wadachi walitandika reli nyembamba toka Mombo hata Handeni, na vigari vyake, vimejaa mizigo ya vita, vilisukumwa na watu kwa mikono, mpaka Waingereza walipoiteka Handeni mwaka 1916. Walihitilafiana katika hesabu ya siku za safari. Nasi tukaandika kwamba wamehitilafiana. Tukarudi mbele ya watu wale wale, tukakiri kosa kwanza, ndipo tukaeleza. Safari hii yule mzee aliketi safu ya mbele.

Basi mwanafunzi na achague jambo moja tu. Aulize kitabu, tena aulize watu. Atenge aliyoyasoma, aliyoyasikia na aliyoyadhani, wala asiyachanganye. Ataje mwaka na mahali. Na siku moja kabla, amsomee mwenzake kwa sauti, asikie penye kigugumizi.

Nasi makarani latuhusu jambo hili. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mtu asimamapo hivyo kuwasemea wengi, neno moja la kubuni laweza kuyaangusha maneno yake yote ya kweli, na hasara huwapata wale aliowasemea.

Kuuliza si ujinga, ndugu zetu.