Kabla ya Kulipia Kompyuta ya Mtoto Mwenye Usonji
Muuzaji atawatajia kwanza kasi na ukubwa wa hifadhi. Msikilizeni, kisha iwasheni kompyuta mbele ya mtoto. Mvumo wa feni, ambao sisi hatuusikii tena, waweza kumkera hata akaziba masikio. Vishikwambi vingi havina feni, na kidole hugusa picha moja kwa moja pasipo kipanya.

Kwa mtoto asiyesema, anayegusa picha ili kifaa kitamke “maji” au “naumwa”, chombo hicho ndicho sauti yake. Basi ulizeni: je, programu hiyo hufanya kazi bila intaneti? Kifaa kikiharibika, matengenezo yatachukua siku ngapi, na mtoto atazungumza kwa nini siku hizo? Majibu yaandikwe kwenye hati ya dhamana. Kava gumu linunuliwe siku hiyo hiyo.