Chuma Kina Jina



Wengi wenu mmepita stesheni kuu ya reli ya Nairobi na mizigo yenu na haraka zenu, wala hamkujua ya kuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo iko nyumba inayostahili kupewa nusu siku. Ni Makumbusho ya Reli. Yalifunguliwa mwaka wa 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado na shirika moja la reli. Shirika hilo lilivunjika mwaka wa 1977, lakini injini za zamani zilibaki pale uwanjani, kila moja na jina lake au namba yake.

Iliyo kubwa kupita nyingine inaitwa Mount Gelai, kwa jina la mlima ulioko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Uzito wake ni zaidi ya tani 250. Iliundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, na wenzake walikuwa 33, wote wakiitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi iliyo juu zaidi ya mita 1,600. Mtu mzima akisimama kando ya injini hiyo hujiona mdogo. Mtoto yeye hucheka tu, kisha hutaka kupanda.

Liko pia gari moja la abiria ambalo kila mgeni huliulizia. Mwezi wa Juni, 1900, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani yake katika stesheni ya Kima, pamoja na Wazungu wengine wawili, wakimvizia simba mla watu. Zamu ya kukesha ilikuwa yake, usingizi ukamshika. Simba akaingia mlangoni, akamchukua, akatoka naye kwa dirishani. Sisi wahubiri tumeipenda sana hadithi hii, maana inatupa hotuba nzima juu ya kukesha bila ya sisi kutoa jasho. Lakini leo sitaki kusema juu ya usingizi wa Ryall. Nataka kuuliza habari za watu ambao simba huyo alikuwa amekwisha kuwala kabla yake. Majina yao ni nani?

Ndugu zangu, reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901. Urefu wake ulikuwa kama maili 582. Serikali ya Uingereza ilileta vibarua karibu 32,000 kutoka India, na katika hesabu yake yenyewe iliandika ya kuwa 2,493 kati yao walikufa: kwa homa, kwa kuhara, kwa ajali, na wengine kwa simba. Gawanyeni wenyewe. Ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja ya reli.

Hao angalau walihesabiwa. Mwaka wa 1898, kule Tsavo, simba wawili waliwatisha wajenzi wa daraja hata kazi ikasimama kwa muda wa majuma. John Patterson, msimamizi wa kazi aliyewaua simba hao, aliandika kitabu mwaka wa 1907. Humo anataja Wahindi 28 walioliwa. Kisha anaongeza ya kuwa waliliwa Waafrika wengi pia, ila hakuna hesabu rasmi yao iliyowekwa. Simba wenyewe walitunzwa vizuri: ngozi zao zilinunuliwa, zikajazwa, na mpaka leo wamesimama katika makumbusho ya Chicago, Marekani.

Msikilizaji mmoja atasema, hayo yalikuwa mambo ya wakoloni. Naam. Lakini kanisa nalo lina sehemu yake. Kabla ya reli kuwapo, aliyetaka kwenda Uganda alitembea kwa miguu miezi kadhaa, na mizigo yake ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Ndivyo alivyosafiri Askofu James Hannington, aliyeuawa huko Busoga mwezi wa Oktoba, 1885. Tunamkumbuka, na ni haki yake. Lakini wapagazi wake wengi waliuawa pamoja naye. Ni nani kati yetu awezaye kutaja hata watatu? Na hao walikuwa wamebeba vitanda, vyakula na vitabu vya Injili hiyo hiyo tunayoihubiri.

Bwana wetu alisimulia habari za mchungaji mwenye kondoo mia, ambaye mmoja alipopotea alijua mara moja. Alijuaje? Kwa sababu alikuwa amehesabu. Mchungaji asiyehesabu angelala usingizi wake vizuri kabisa.

Basi mkiwapeleka watoto wa shule ya Jumapili kuona injini zile, na iwe hivyo, kwa maana watafurahi, msiishie uwanjani. Katika ushirika wenu huenda yuko mzee aliyekuwa katika kikundi cha kutengeneza njia, au aliyepeperusha bendera stesheni, au aliyekulia katika nyumba za reli za Muthurwa. Wazee hao hupungua kila mwaka, nanyi mnajua, maana ninyi ndio mnaowazika. Mwiteni baada ya ibada, mpeni kiti na chai. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri achukue daftari, aandike majina ya waliofanya kazi pamoja naye, na walikotoka, na walioumia. Kama baba yake mzee huyo naye alikuwa mtu wa reli, jina la baba liandikwe kwanza.