Kusahihisha Daftari Moja kwa Daftari Jingine

Wekeni kalamu na karatasi karibu.

Fikirini chama cha ushirika cha kahawa. Kina madaftari mawili. La wanachama lina namba, jina na jumla ya kilo za kila mtu. La mizani lina namba na jumla mpya, lakini ni ya wale tu walioleta kahawa wiki hii. Karani husoma namba katika la mizani, huitafuta katika la wanachama, kisha huandika kilo mpya. Kompyuta nayo hufanya hivyo ikiamriwa kwa lugha ya SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM, Marekani, waliitangaza mwaka 1974. Amri ni hii:

UPDATE wanachama
SET kilo = (SELECT kilo FROM mizani
WHERE mizani.namba = wanachama.namba);

UPDATE ni rekebisha, SET ni weka, SELECT ni chagua, FROM ni kutoka, WHERE ni pale ambapo. Namba ndiyo inayounganisha madaftari. Msitumie jina, maana akina Juma ni wengi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mzee mwenye namba 9 ana kilo 120, naye wiki hii hakuja mizanini kwa kuwa aliugua. Amri yetu haikumwacha. Imemtafuta katika mizani, haikumwona, basi imefuta zile 120 na kuacha patupu, ambapo mashine hupaita NULL. Hata sifuri si sifuri! Wala mashine hailalamiki. Yeye atajua siku ya malipo. Kwa hiyo ondoeni ile nukta-mkato ya mwisho, mwongeze mstari huu:

WHERE namba IN (SELECT namba FROM mizani);

Yaani, gusa wale tu waliomo katika mizani. Mzee anabaki na 120 zake.

Je, namba moja ikiandikwa mara mbili katika mizani? Mashine nyingi hukataa kazi. Nyingine hushika mstari mmoja na kunyamaza, na hizo ndizo mbaya zaidi. Kagueni mizani kwanza.

Haya, andikeni. Wanachama: namba 3 kilo 40, namba 5 kilo 75, namba 8 kilo 60. Mizani: namba 3 kilo 52, namba 8 kilo 66. Kila mmoja atakuwa na kilo ngapi kwa amri ya kwanza? Na kwa ile iliyoongezwa mstari? Mwonyesheni mwalimu wenu kabla ya kipindi kijacho.