Fundi wa Ndege Ndogo Humfanyia Kazi Mtu Asiyemjua

Mazungumzo kwa wanafunzi wa umakanika katika vyuo vya ufundi vya kaunti



Mada ya leo ni ndege ndogo zinazouzwa kwa vipande na kuunganishwa na mwenyewe, na hasa jinsi ya kuzitunza na kuzitengeneza. Huenda kuna anayejiuliza mambo hayo yanamhusu vipi kijana anayejifunza kutengeneza pikipiki, pampu ya maji au injini ya boti. Yanamhusu sana. Spana ni ile ile na nati ni ile ile. Tofauti ni kwamba pikipiki ikizima njiani, mwenyewe huisukuma hadi kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

Kwanza, ndege hizi ni zipi? Kiwanda humtumia mnunuzi makasha yenye mabati ya alumini yaliyokatwa tayari, mabomba, ribiti, nati na kitabu cha maelekezo. Mnunuzi huunganisha vipande hivyo katika gereji au banda lake, kazi inayoweza kuchukua miaka kadhaa. Injini mara nyingi hununuliwa kando. Wengine hununua ramani tu, kisha hutafuta kila kifaa wenyewe.

Kazi hii imestawi zaidi nchini Marekani, ambako chama cha waundaji wa ndege za nyumbani, EAA, kilianzishwa mjini Milwaukee mwaka wa 1953. Sheria ya huko inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege ikikamilika hukaguliwa, kisha kwa kawaida hurushwa kwa majaribio ya saa 25 au 40 katika eneo maalum, bila abiria. Baada ya hapo ni lazima ikaguliwe kila baada ya miezi 12. Aliyeijenga anaweza kupewa cheti cha kuifanyia ukaguzi huo mwenyewe.

Cheti hicho ni cha mtu yule na ndege ile tu. Akiiuza ndege, mnunuzi hapati cheti pamoja nayo. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Aliyejenga anajua kila bolti imepita wapi na kwa nini. Anayenunua anapata chombo, lakini yaliyomo kichwani mwa mjenzi hayapati, isipokuwa yale yaliyoandikwa. Hilo ndilo somo la leo, na kuna kisa kimoja kinacholieleza vizuri.

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, John Denver, aliruka peke yake kutoka uwanja wa Monterey, jimbo la California. Ndege yake ilikuwa Long-EZ, iliyojengwa na mtu binafsi kwa kufuata ramani za mbunifu Burt Rutan. Denver alikuwa rubani mwenye zaidi ya saa 2,700 za kuruka, lakini ndege ile ilikuwa ngeni kwake. Alikuwa ndiyo kwanza ainunue.

Long-EZ ina matangi mawili ya mafuta, la kushoto na la kulia, na vali ambayo rubani huigeuza kwa mkono ili kuchagua tangi. Katika ramani za Rutan, mkono wa vali hiyo uko mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hii aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Alitaka mabomba ya petroli yasipite ndani ya chumba anamokaa rubani, na wazo hilo fundi yeyote angelielewa. Lakini sasa rubani aliyetaka kubadilisha tangi ilimbidi aachilie usukani, ageuze kiwiliwili na kunyoosha mkono wa kulia hadi nyuma ya bega la kushoto. Mkono wa vali haukuwa na alama. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma yake, na havikuwa na alama za kuonyesha kiasi.

Kabla ya safari, Denver na fundi wa uwanjani walizungumza kuhusu mkono huo. Walijaribu kuurefusha kwa plaizi ya kubana, haikusaidia. Fundi akampa kioo kidogo cha kutazamia vipimo vilivyokuwa nyuma. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta, Denver alisema hapana, kwa kuwa hangekaa angani muda mrefu. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka baharini karibu na pwani ya Pacific Grove, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 53.

Wachunguzi wa bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, walihitimisha kwamba rubani alikuwa akihangaika na mkono wa vali, akakanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamshinda. Walitaja pia kwamba hakuongeza mafuta, hakupata mazoezi ya kutosha katika ndege ya aina ile, mkono wa vali uliwekwa mahali pagumu kufikia tena bila alama, na vipimo navyo havikuwa na alama.

Katika orodha hiyo hakuna bawa lililovunjika wala injini iliyopasuka. Na kabla ya yote, palikuwa na watu wawili waliosimama kando ya ndege iliyo chini salama, wakijua vizuri tatizo liko wapi. Muda wa kulimaliza ulikuwa pale. Plaizi na kioo vilikuwa njia ya kuishi na tatizo, tatizo lenyewe likabaki mahali pake.

Kisa hicho kinampa fundi kijana mazoea matano ya kushika.

La kwanza ni alama. Kila swichi, vali na kifuniko kiandikwe kazi yake na upande wa kugeuzia, kwa namna ambayo mgeni ataelewa bila kuuliza. Alama husaidia pia kwenye nati. Fundi akishakaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, hupaka mstari mdogo wa rangi unaovuka nati na bolti. Siku mstari huo ukionekana umekatika, nati imesogea. Kopo dogo la rangi linatosha nati nyingi sana, na mkaguzi hupata jibu kwa kutupa jicho tu.

La pili ni kifaa sahihi mahali pake. Nati yenye duara la nailoni ndani hushika vizuri, lakini haifai mahali penye joto kali la injini, kwa sababu nailoni hulainika. Bolti iliyobeba kiungo kinachozunguka huhitaji nati yenye meno, iliyofungwa kwa pini inayopita ndani ya bolti, ili isijifungue yenyewe. Nati inayofanana kwa macho si lazima iwe sawa kwa kazi. Vivyo hivyo kwa alumini: fundi hachori mstari juu yake kwa penseli ya kawaida. Ndani ya penseli mna grafaiti, ambayo ikikutana na unyevu huifanya alumini iliwe, na mkwaruzo nao unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

La tatu ni kutazama kwa utaratibu. Ribiti iliyolegea huacha doa jeusi mfano wa moshi kuzunguka kichwa chake. Ufa hupenda kuanzia kwenye tundu au kona. Petroli hutolewa kidogo chini ya tangi na kutazamwa kwenye chupa safi, maana maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini. Nyigu hujenga ndani ya kijibomba cha kupimia mwendo ikiwa kimeachwa bila kifuniko. Katika viwanja vya Pwani kama Malindi, Ukunda na Manda, hewa ya chumvi hula chuma na alumini pole pole, hasa kwenye viungo ambapo maji hayakauki. Kuosha kwa maji baridi na kufungua vifuniko ili kutazama ndani ni sehemu ya matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ndege, hata hivyo, ufa hauzibwi kwa kubahatisha. Fundi husimamisha ndege, husoma kitabu cha aliyeibuni, na asipopata jibu humwuliza.

La nne ni kufuata kitabu cha injini. Injini inayoonekana sana katika ndege hizi ni Rotax 912 kutoka Austria. Ile ya nguvu za farasi 100 inaruhusiwa kuzunguka mara 5,800 kwa dakika kwa muda usiozidi dakika 5, na baada ya hapo isizidi 5,500. Oili yake huhifadhiwa kwenye tangi la kando. Ndege ikikaa, sehemu ya oili huteremkia ndani ya injini. Kwa hivyo, kabla ya kusoma kijiti cha kupimia, fundi huhakikisha swichi za moto zimezimwa, kisha huzungusha propela kwa mkono, kuelekea upande wake wa kawaida pekee, mpaka asikie sauti ya mapovu ndani ya tangi. Asiyejua hayo atasoma oili pungufu na kuongeza isiyohitajika. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 100, na mapema zaidi ikiwa petroli inayotumika ina madini ya risasi. Mabomba ya mpira hubadilishwa kila baada ya miaka 5, hata kama ndege haikuruka na mpira unaonekana mzima. Mpira huzeeka ukiwa umekaa, na bomba lililozeeka kwa ndani halijionyeshi kwa nje.

La tano ni daftari na mtu wa pili. Kila kilichofunguliwa, kilichobadilishwa na kilichohamishwa huandikwa siku ile ile: tarehe, saa za ndege, kilichofanywa na sahihi ya aliyekifanya. Kazi iliyoachwa nusu huandikwa pia, na karatasi ya onyo hufungwa kwenye usukani. Kazi iliyogusa usukani, kamba au mabawa hutazamwa na mtu wa pili ambaye hakuifanya. Usukani ukielekezwa kulia, kibawa cha kulia kinapaswa kuinuka na cha kushoto kushuka. Kamba zikifungwa kinyume, usukani utasogea laini kabisa, na aliyezifunga anaweza kutazama mara kumi asione kosa. Jicho la pili haliji kwa dharau. Linakuja kwa sababu kila binadamu huona alichotarajia kuona.

Kwa wakaazi wenye ndoto ya kujenga ndege, yapo ya kuzingatia kisheria. Nchini Kenya ndege husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na hubeba alama zinazoanza na 5Y. Mtu anayetaka kujenga aende kwa Mamlaka hiyo kabla ya kununua hata ribiti moja, aelezwe masharti ya ujenzi, ukaguzi na ruhusa ya kuruka. Kwa wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki, Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi, Nairobi, hufundisha ufundi wa ndege, na leseni ya fundi hutolewa na KCAA. Hesabu, fizikia na Kiingereza cha kusomea vitabu vya ufundi ni vya kuanza kushughulikiwa mapema.

Lakini mazoea haya matano hayangoji leseni. Kijana anayefunga breki za pikipiki leo hajui nani atapanda kesho. Anayetengeneza injini ya boti hajui ni familia gani itavuka nayo. Yule mjenzi wa Long-EZ alijua mkono wa vali uko wapi. Aliyekufa ni mtu mwingine, aliyekuja baadaye na kukuta kazi ilivyoachwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga sanduku la vifaa, fundi ajiulize swali moja: mtu asiyenijua, ambaye sitakuwa karibu naye kumwelekeza, ataweza kukitumia chombo hiki salama? Kama jibu si ndiyo, kazi bado haijaisha.