Mgongo Unaouma, Swali Lisiloulizwa

Msikilizaji, mkulima wa Moi's Bridge anaijua thamani ya mgongo. Ndio unaopalilia mahindi, ndio unaobeba gunia. Sasa chukulia saratani ya matiti au ya tezi dume imesambaa hadi kwenye pingili za uti wa mgongo. Safari ya matatu tu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ni mateso. Akifika, picha itaonyesha uvimbe. Haitaonyesha kwamba halali usiku, wala kwamba anaona haya kusaidiwa kwenda chooni.

Hapo ndipo penye hoja. Chama cha Afrika cha Huduma Shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, chenye makao Kampala, kina dodoso la maswali 10: saba ya mgonjwa, matatu ya familia. Linauliza kuhusu maumivu, wasiwasi, utulivu wa moyo. Asiyejua kusoma hutoa alama ya jibu lake kwa vidole vya mkono.

Kwa upande wa pili, wahudumu watasema foleni ni ndefu, na alama isiyofuatwa na dawa ni karatasi tu. Ni kweli kabisa. Lakini bila kuuliza, tutajuaje kama tiba ya mionzi ya mgongo huo imempa mtu nafuu au imemchosha bure? (Miguu ikiisha nguvu ghafla au mkojo ukiziba, usingoje maswali; kimbia hospitali.)

Basi nauliza: maswali hayo aulize nani, daktari wa Eldoret, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlangoni pa mgonjwa?